Medali ya Tabibu Francesco Redi na Jiwe la Nyoka



Ndugu msomaji, ukitaja neno medali mbele ya Mkatoliki wa kwetu, atapeleka mkono shingoni. Atakuonesha ile ya Bikira Maria, au ile ya Mtakatifu Benedikto aliyopewa na bibi yake siku ya Kipaimara. Mpenda michezo yeye atafikiria mkimbiaji aliyesimama jukwaani. Katika somo hili tutazungumzia medali ya namna ya tatu, ambayo haivaliwi wala haishindaniwi: medali iliyotengenezwa kwa heshima ya tabibu wa watawala. Kupitia tabibu huyo tutafika kwenye jambo linalozigusa parokia zetu moja kwa moja, yaani lile jiwe jeusi wanalowekewa watu walioumwa na nyoka.

Medali yenyewe ni kipande cha mviringo cha shaba iliyochanganywa na bati, chenye kujaza kiganja cha mkono. Ilitengenezwa Florence, Italia, mwaka 1684. Upande wa mbele kuna sura ya mwanamume mwenye nywele ndefu za mawimbi na pua ndefu, ametazama pembeni kama wafalme wanavyotazama kwenye sarafu. Kuzunguka ukingo kuna maneno ya Kilatini: FRANCISCVS REDI PATRITIVS ARETINVS, yaani Francesco Redi, mwungwana wa Arezzo. (Mafrateri wa mwaka wa kwanza wasihangaike na hizo V, zisomwe kama U.) Angalia kwamba maandishi hayo hayasemi popote kuwa mtu huyu alikuwa tabibu. Yanataja jina lake na mji wake, basi.

Aliyeitengeneza ni Massimiliano Soldani Benzi, aliyezaliwa Montevarchi mwaka 1656. Cosimo III, Mtawala Mkuu wa Toscana kutoka ukoo wa Medici, alikiona kipaji cha kijana huyu akamsomesha: kwanza Roma, halafu Paris, ili Florence iwe na fundi wake wa medali na sarafu. Kazi ilianza na nta. Fundi alifinyanga sura kwa nta juu ya kibao, akitumia vijiti vidogo, unywele kwa unywele. Kutokana na nta hiyo alipata kalibu, na katika kalibu akamimina shaba iliyoyeyushwa. Ilipopoa alisafisha na kung'arisha kwa mkono. Sarafu hugongwa kwa nyundo au mashine, maelfu kwa siku. Medali ya kumiminwa hutoka chache, na ndiyo maana inaweza kuwa kubwa na nene, yenye uso unaodhani utapumua.

Sanaa hii ina uhusiano na historia ya Kanisa kuliko wengi wanavyojua. Medali ya picha tunayoihesabu kuwa ya kwanza katika mtindo huu ilitengenezwa na mchoraji Pisanello kati ya mwaka 1438 na 1439, na sura iliyomo ni ya Kaisari Yohane VIII Palaiologos wa Konstantinopoli. Kaisari huyo alifika Italia kwa ajili ya Mtaguso wa Ferrara na Florence, kutafuta umoja kati ya Kanisa la Mashariki na la Magharibi. Umoja ule haukudumu. Medali ipo hadi leo.

Tangu hapo medali huwa na pande mbili zenye kazi mbili: mbele ni mtu alivyo, nyuma ni alichokifanya. Basi tugeuze ya Redi. Nyuma yake kuna sherehe ya Bacchus, mungu wa divai wa Warumi wa kale, na wafuasi wake wanaocheza. Chini limeandikwa neno moja: CANEBAM. Wanaosoma Kilatini wataitambua nyakati yake: nilikuwa nikiimba.

Tabibu gani huyu anayewekewa walevi mgongoni? Jibu ni kwamba Redi alikuwa pia mshairi, na utenzi wake mrefu wa kusifu divai za Toscana, uliochapwa mwaka 1685, ulikuwa tayari unajulikana miongoni mwa marafiki zake. Yeye mwenyewe alikunywa kidogo, tena kwa kuchanganya na maji. Soldani alimtengenezea medali zaidi ya moja, uso uleule mbele, lakini migongo tofauti: mmoja kwa ushairi, mwingine kwa tiba, mwingine kwa uchunguzi wa viumbe. Huo wa ngoma ndio unaopendwa zaidi na wakusanyaji. Mimi nitabaki na huo wa viumbe.

Tabibu wa ikulu na nyoka wake

Redi alizaliwa Arezzo mwaka 1626. Baba yake naye alikuwa tabibu wa ukoo wa Medici. Alisoma kwa Wajesuiti mjini Florence, akahitimu udaktari na falsafa katika Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1647. Mwaka 1666 akawa tabibu mkuu wa Mtawala Ferdinando II na msimamizi wa duka la dawa la ikulu. Ferdinando alipofariki mwaka 1670, Redi akaendelea na mwanaye, Cosimo III. Kwa wagonjwa wake alikuwa tabibu wa mambo madogo: chakula cha kiasi, maji, mapumziko, dawa chache. Wenzake wa enzi ile waliandika dawa zenye viambato hamsini, sitini.

Dawa mojawapo kati ya hizo iliitwa teriaka. Iliaminika kukinga sumu zote, na ndani yake kulikuwa na nyama ya nyoka. Kwa hiyo ikulu ya Medici ilipokea nyoka wengi, na Redi akawa na nafasi ya kuwachunguza. Waalimu wa kale walifundisha kwamba sumu ya nyoka inatoka kwenye nyongo yake. Wengine walisema ni hasira ya nyoka. Redi alipasua, akafuata mishipa, akaonesha katika kitabu chake cha mwaka 1664 kwamba sumu ni kile kimiminika cha rangi ya njano kinachotoka kwenye meno, na kwamba inadhuru inapoingia kwenye damu. Mkamata nyoka mmoja aliyeitwa Jacopo Sozzi alikunywa mbele ya wasomi kile walichoamini kingemwua papo hapo, akabaki amesimama mzima. (Usijaribu. Mwenye kidonda mdomoni hana tofauti na aliyeumwa.)

Ulikuwa mji wa ajabu ule. Wakati huohuo, katika ikulu hiyohiyo, alikuwepo rafiki yake Niels Stensen kutoka Denmark, Mlutheri aliyepasua kichwa cha papa mkubwa mwaka 1666, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa padre, akawa askofu, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwenyeheri. Habari zake zinastahili somo lake.

Chupa nne na chupa nne

Kitabu kilichomfanya Redi ajulikane hadi kwenye vitabu vya baiolojia vya sekondari ni cha mwaka 1668, kuhusu kuzaliwa kwa wadudu. Watu wote wenye elimu waliamini kwamba uozo huzaa uhai: nyama ikioza, yenyewe inazaa funza. Aristotle aliamini hivyo kuhusu wadudu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilipokea jambo hilo katika Summa yake, akieleza kuwa wanyama wadogo huzuka katika uozo kwa nguvu za nyota na sayari. Tusimcheke. Ukiacha utumbo wa samaki nyuma ya jikoni siku tatu, utaona kwa macho yako kile alichokiona yeye.

Redi aliweka nyama za kila aina wazi na kutazama. Aliona nzi wakitua kwanza. Aliona funza wakigeuka vifuko vigumu, na katika vifuko wakatoka nzi wa aina ileile waliotua. Akashuku kwamba funza ni watoto wa nzi, hawakuzaliwa na nyama. Lakini kushuku hakumtoshi. Katikati ya Julai alichukua chupa nne zenye mdomo mpana. Ya kwanza akatia nyoka, ya pili samaki wa mtoni, ya tatu mikunga wadogo wa mto Arno, ya nne kipande cha nyama ya ndama. Akaziziba kwa karatasi na kuzifunga kamba. Halafu, na hapa ndipo uzito wa kazi yake ulipo, akachukua chupa nyingine nne, akatia vitu vilevile, akaziacha wazi.

Zile za wazi zilijaa funza. Zilizozibwa zilioza na kunuka, lakini hazikutoa hata funza mmoja.

Akajipinga mwenyewe: labda ni hewa iliyokosekana. Akarudia, safari hii akifunika kwa kitambaa chembamba sana kinachopitisha hewa. Nzi walikuja, wakatua juu ya kitambaa wakitafuta njia, wakaacha watoto wao hapohapo juu. Chini, nyama ilibaki bila funza.

Zile chupa nne za pili, zilizoachwa wazi, zinaonekana kama kazi ya bure. Kila mtu alijua nyama ya wazi itapata funza. Kwa nini ajisumbue? Kwa sababu bila hizo, mpinzani angesema: pengine mwaka huu Julai haikuwa ya joto la kutosha, pengine ndama huyu hakuwa wa kuzaa funza. Chupa za pili ziliyafunga maswali hayo kabla hayajaulizwa. Tafadhali lishike jambo hili. Nitalihitaji tukifika kwa nyoka.

Wapo waliomwambia Redi kwamba anapinga Maandiko Matakatifu. Je, si imeandikwa katika Waamuzi 14 kwamba Samsoni alikuta nyuki na asali katika mzoga wa simba aliyemwua? Basi mzoga ulizaa nyuki! Redi alilijadili hilo kwa utulivu. Alijua kwamba nyuki hukimbia nyama iliyooza. Samsoni alirudi baada ya muda, na mzoga uliokauka na kubaki mifupa ni nyumba nzuri kwa kundi la nyuki. Fungua Biblia yako usome aya ile polepole: inasema nyuki walikuwamo. Haisemi kwamba walizaliwa na simba. Hilo la pili watu walilileta wenyewe kutoka kwenye falsafa ya wakati wao, wakalisoma ndani ya andiko, kisha wakalitetea kana kwamba ni andiko. Anayejiandaa kuhubiri ana somo zima la ufafanuzi wa Maandiko katika mzoga huo.

Mafrateri watatu kutoka India

Mwishoni mwa mwaka 1662 walifika Florence watawa watatu wa Mtakatifu Fransisko wakitokea India. Walileta mawe madogo, laini, meusi. Walisema yanatoka kichwani mwa nyoka aina ya swila wa huko, na kwamba ukiliweka jiwe juu ya jeraha lenye sumu, linanata kama ruba, linanyonya sumu yote, halafu linadondoka lenyewe. Ukilitumbukiza kwenye maziwa linaitapika sumu, tayari kwa mgonjwa mwingine.

Hawakuwa matapeli. Walikuwa watu wa sala waliopokea habari hizo kwa watu waliowaamini. Na Roma walikuwa na mtetezi mkubwa: Padre Athanasius Kircher, Mjesuiti, mwalimu wa Chuo cha Roma, mmoja wa watu waliosoma sana kuliko wote Ulaya. Kircher aliandika juu ya mawe hayo mwaka 1667, akieleza kuwa kitu huvuta kinachofanana nacho: jiwe la nyoka lazima livute sumu ya nyoka, kama sumaku inavyovuta chuma. Tena alikuwa na ushahidi. Mbwa aliumwa na nyoka mbele ya watu, jiwe likawekwa, mbwa akapona.

Redi aliyajaribu mawe hayo Florence. Aliwatia kuku na wanyama wengine sumu za namna mbalimbali, ikiwemo ya nyoka na mafuta ya tumbaku, akaweka mawe kama mafrateri walivyoelekeza. Mawe yalinata vizuri. Wanyama wakafa.

Mwaka 1671 alichapa matokeo yake kama barua iliyoelekezwa kwa Padre Kircher mwenyewe. Kircher wakati huo alikuwa na umri wa miaka 69, mzee mwenye jina. Redi alikuwa na miaka 45. Ingekuwa rahisi kumdhihaki, au kumsema pembeni kwenye karamu za ikulu. Alimwandikia kwa heshima, kama msomi kwa msomi, akamweleza alichokifanya hatua kwa hatua, ili padre akitaka arudie. Mwaka 1677 mwanafunzi mmoja wa Kircher, Gioseffo Petrucci, alichapa kitabu cha kumtetea mwalimu wake. Mjadala ukaendelea. Mawe nayo yakaendelea.

Sasa, tuulize: kwa nini mbwa wa Roma alipona? Kircher hakusema uongo. Mbwa alipona kweli. Lakini nyoka huweza kuuma asimwage sumu, au akamwaga kidogo tu. Tena nyoka wengi wanaouma watu na wanyama hawana sumu ya kuua. Miongoni mwa walioumwa, wengi wangepona hata kama wangewekewa kipande cha sabuni. Kila anayepona akiwa na jiwe mguuni anakuwa ushuhuda. Anayekufa anaelezwa kwa namna nyingine: alicheleweshwa, jiwe lilikuwa limechoka, kuna mkono wa mtu. Palikosekana mbwa wa pili, aliyeumwa vilevile na asiwekewe jiwe. Zile chupa nne za wazi.

Jiwe letu

Mwalimu wa mafrateri akifika hapa darasani, huwa kimya kidogo, kwa sababu wanafunzi wanaanza kutazamana. Karibu kila mmoja analijua jiwe jeusi. Liko kwenye makabati ya vigango, kwenye mikoba ya makatekista, kwa wazee wa kijiji. Mara nyingi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Maelekezo yake ni yaleyale waliyoleta watawa wa mwaka 1662, mpaka kwenye maziwa. Na katika Afrika limeenezwa kwa muda mrefu na watu wa Kanisa, wamisionari wakiwemo, kwa nia njema, mahali ambapo hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili.

Mwaka 2007 ulichapwa utafiti uliolipima jiwe hilo kwa panya dhidi ya sumu za nyoka wa Afrika, akiwemo kifutu na swila atemaye mate. Halikusaidia. Linanata kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vidogo vinavyofyonza majimaji ya jeraha, kama kitambaa kikavu kinavyonata kwenye kidonda kibichi. Sumu yenyewe inakuwa imeshaingia ndani ya mwili, jiwe halikuti kitu cha kuvuta.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwaka 2017. Linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo, na walio wengi zaidi ya hao hubaki na ulemavu. Ni wakulima, wachungaji wa mifugo na watoto. Tiba inayojulikana ni dawa ya sindano ya kuzima sumu, ambayo mwanzo wake ni kazi ya Albert Calmette wa Ufaransa katika miaka ya 1890. Haipatikani kila zahanati, na ni ghali. Ndiyo maana kila saa moja ina thamani.

Nilipokuwa frateri wa mwaka wa kichungaji, nilipangiwa parokia ya kijijini. Jioni moja aliletwa binti wa miaka tisa, ameumwa na nyoka kwenye shamba la mihogo. Mwalimu wa kigango, katekista mwenye heshima zote, alitoa jiwe kutoka kwenye kikopo cha ugoro alikolifunga kwa kitambaa cheupe. Akachanja chale ndogo, akaliweka. Likanata. Sote tuliliona likinata. Mama mzazi akaacha kulia. Gari la parokia lilikuwepo, lina mafuta, na funguo nilikuwa nazo mimi.

Nilifanya nini? Niliongoza rozari. Tulisali mafungu yote, tukaimba. Usiku wa manane mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, na jiwe bado limenata. Tulifika hospitali alfajiri. Binti aliishi. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nimeungama, na nimepewa ondoleo. Hata hivyo nimelazimika kufikiri. Rozari ile haikuwa kosa. Kosa ni kwamba tuliisali sebuleni badala ya kuisali ndani ya gari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza kwa busara, na namba 159 inafundisha kwamba uchunguzi wa kweli wa mambo ya ulimwengu hauwezi kugombana na imani, kwa kuwa Mungu ni mmoja. Yoshua bin Sira sura ya 38 inamweka tabibu na sala pamoja, bila kumfukuza mmoja wao. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo. Niliyafanyia mtihani, nikafaulu.

Kwa hiyo kwa yeyote mwenye wajibu kigangoni, hatua ni hizi: mtulize aliyeumwa, asitembee, vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaja, fungia mguu au mkono kwenye ubao usitikisike, usichanje, usinyonye, usikaze kamba, mpeleke hospitali sasa hivi. Usimtafute nyoka ili kumwua, maana ataumwa mtu wa pili.

Uso wa mtu

Redi naye alikosea. Baada ya kuonesha kwamba nyama haizai funza, alipokutana na viwavi ndani ya uvimbe wa majani ya miti, ambako hakuona mlango wa nzi kuingilia, alisema basi ni mti wenyewe unaowazaa, kwa nguvu ya uhai wake. Wengine baadaye walionesha kuwa hata hapo kuna mdudu anayetoboa na kutaga. Walitumia njia yake kumsahihisha. Kwa upande mwingine, hakuzuia waliokuwa chini yake waende mbele: mwaka 1687 Giovan Cosimo Bonomo alimwandikia barua, kazi aliyoifanya pamoja na mtengeneza dawa Diacinto Cestoni wa Livorno, kuonesha kwa hadubini kwamba upele unaletwa na utitiri anayechimba ngozini, na kwamba unaambukizwa kwa nguo na mashuka. Matabibu waliamini ni uchafu wa damu. Wanawake wenye watoto walikuwa wakiwatoa wadudu hao kwa sindano tangu zamani. Waliolala bweni la seminari ndogo wataelewa kwa nini nimeitaja.

Medali za Redi zimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mimi nina picha tu, nimeibandika kwenye ukuta wa ofisi. Chini yake, juu ya meza, kuna kikopo cha ugoro.

Nilikipata miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimekwenda kigango kile kuadhimisha Misa, nikiwa padre. Mwalimu alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Baada ya chakula tulikaa chini ya mwembe, nikamweleza habari za chupa nne na chupa nne, na mbwa wa Roma. Alisikiliza hadi mwisho.

"Padre," akaniuliza, "wale wengine niliowawekea, wakapona, wangepona tu?"

"Wengi wao, Mwalimu."

"Na wasiopona?"

Sikumjibu, na hakurudia swali. Aliingia ndani, akatoka na kikopo, akakiweka mapajani mwangu. Safari iliyofuata nilikuta karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kanisa, mwandiko wake mkubwa wa kalamu nyekundu: UKIUMWA NA NYOKA PIGA SIMU. Kulikuwa na namba tatu, mbili za vijana wa bodaboda na moja ya dereva wa parokia. Namba ya pili ilikuwa imekatwa na kuandikwa upya pembeni, kwa sababu yule kijana alikuwa amebadilisha laini.